Somo la Mgeni

Kwenye mazishi ya Mwalimu Truphena, mchungaji alisema marehemu aliwahi kufundisha watoto wa chekechea huko ng'ambo, na waombolezaji wakaitikia amina kwa heshima, nadhani wakiona akilini mwao shule yenye bembea na sare za bluu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya turubai, nikauma mdomo. Nilikuwa msaidizi wake mwaka ule, mjini Jeddah, mtaa wa Ruwais, na chekechea yetu haikuwa na bembea wala sare wala kibao mlangoni. Ilikuwa vyumba viwili juu kabisa ya jengo kuukuu, na madirisha yake tulikuwa tumeyabandika foili ya jikoni ili mtu wa jengo la pili asione ndani. Mchungaji hakudanganya, alifundisha kweli. Ila tangu nirudi kutoka kwenye mazishi hayo nimekuwa mkali nyumbani bila sababu, mpaka binti yangu akaniambia, mama, kama kuna jambo linakukera si uliandike tu. Basi naliandika, na anayetaka hadithi ya kumchangamsha atafute kwingine.

Nilianzia Riyadh, Al-Shumaisi, nikiwa msichana ambaye hajawahi hata kushika pasi ya umeme. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iliandikwa mfanyakazi wa nyumbani, lakini madam wangu alikuwa na chekechea yake ya kulipia, na kila asubuhi alinipakia garini pamoja na ndoo na matambara ya kudekia nikaoshe vyoo vya watoto. Vilikuwa vyoo vidogo vya kufika gotini, na mara ya kwanza nilipoviona nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Nikishamaliza kuosha nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio, nikijifanya napangusa fremu, nisikilize. Watoto walikuwa na sanduku la mchanga mweupe wa kuchorea herufi kwa kidole. Walikuwa na soko la matunda ya plastiki, mmoja akiuza, mwingine akilalamika kuwa ghali, kama mama zao. Waliotesha maharagwe kwenye pamba na kila siku waliyafukua kuona kama yameota, na mwalimu akawafokea kwa upendo. Siku ya herufi ya mim, ile M ya Kiarabu, alibandika ukutani picha ya mwanamke aliyefungua mikono, akauliza huyu ni nani, na darasa zima likapiga kelele, "Mamaaa!" hadi vioo vikatetemeka. Madam aliniambia herufi ile ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani. Nilimwamini, kwani nilikuwa na sababu gani ya kutomwamini.

Halafu shangazi yake madam, ajuza mjane wa Jeddah, akavunjika nyonga, nikahamishwa kama kabati. Huyu ajuza tulimwita Bibi. Aliishi chini katika jengo lile la Ruwais, kwenye vyumba vyenye harufu ya ubani na dawa ya viungo, na baada ya kifungua kinywa alikuwa akilala hadi adhuhuri. Wiki ya kwanza nilikuwa nikikaa jikoni nikisikiliza friji. Wiki ya pili akanikabidhi mfuko wa mikate bapa, ile wanayoiita hubuzi, akaonyesha juu kwa fimbo yake. "Yalla, panda," akasema. "Kuna mwenzio wa Kenya. Watoto wake wana njaa." Sikuwa nimesikia mtoto yeyote katika jengo lile. Nilipanda ngazi nikidhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Mlango ulifunguliwa kidogo, nikaona jicho, kisha mkono ukanivuta ndani. Truphena alikuwa mwanamke mfupi mwenye kifua kipana, mwalimu wa chekechea kule kwao Vihiga kabla ya kuja Uarabuni kufanya kazi za ndani na kumkimbia kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini. Nyuma yake, sakafuni, juu ya zulia lililounganishwa vipande, waliketi watoto wapatao kumi, wote wamevaa soksi, wote wananitazama, na hakuna aliyetoa sauti. Nimeona watoto wanyamavu kanisani na hospitalini, lakini hao huwa wanyamavu kwa muda. Hawa walikuwa wameketi hivyo kama watu wazima wanaongoja basi. Nikamuuliza kama ni wagonjwa. "Wako sawa kabisa," akasema kwa kunong'ona. "Wako darasani. Vua viatu, dada."

Walikuwa watoto wa Wakenya wenzetu, wasichana wa kazi, na hawakuwa na karatasi. Mwanamke aliyezaa pale bila cheti cha ndoa hakupata cheti cha mtoto, na yeye mwenyewe alikuwa na kesi ya kujibu, kwa hiyo walijifungulia vyumbani, wakakata kitovu kwa wembe, na siku chache baadaye wakarudi kuosha sahani za watu. Habari za baba zao sikuuliza, na sitaziuliza leo. Wengine waliwaleta watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Wengine, waliolala kwa waajiri, waliwaacha kwa Truphena na kuja Ijumaa tu. Kadzo, msichana wa Kilifi, mwembamba na mwingi wa maneno, alikuwa mmoja wa hao wa Ijumaa. Mtoto wake aliitwa Tunu, ana miaka minne, shingo ndefu ya mama yake na kipaji cha uso kilekile, kinachokunjana anapofikiri. Ukiwaweka pamoja hukuhitaji kuuliza.

Basi kila asubuhi Bibi akilala mimi nilikuwa juu. Tulifundisha. Nasema hivyo kwa fahari, kwa sababu wako watu wanaodhani tulikuwa tunalea tu. Tulikata maboksi ya maji ya kunywa tukaandika herufi kwa makaa. Walihesabu kwa kokwa za tende, wakajumlisha na kutoa. Waliimba kwa midomo, sauti haitoki, na Truphena akawa anasoma midomo yao na kumsahihisha aliyekosea mstari. Walipiga makofi kwa vidole viwili kwenye kiganja. Chakula kilikuwa wali na samaki wa kopo, au maharage na hubuzi za Bibi, na walikula kwa mkono maana vijiko hugonga sahani. Kulikuwa na kipindi cha kwetu, ambacho ndicho kilichonishinda. Truphena alikuwa akichora ng'ombe, mto, shamba la mahindi, ili wakirudi wasiwe wageni. Siku moja akawaambia wachore mvua. Tunu akachora sanduku lenye mistari na tone linaning'inia chini yake. Kilikuwa kiyoyozi. Maji pekee aliyowahi kuona yakianguka kutoka juu yalikuwa ya kiyoyozi cha jirani. Truphena akaangalia ile karatasi, akaandika "Vizuri sana" pembeni, akaingia chooni na kukaa humo kidogo.

Furaha yao ilikuwa lori la maji. Lilipokuja kujaza tangi la jengo, pampu yake ilinguruma hadi ngazi zikatikisika, na muda wote wa pampu watoto waliruhusiwa kupiga kelele. Truphena alikuwa akipandisha mikono, nao wakainuka na soksi zao wakapiga mayowe ya a, e, i, o, u, mishipa ya shingo imewatoka, wengine wakilia na kucheka pamoja. Pampu ikizimwa, naye anashusha mikono, na kimya kinarudi papo hapo. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kule jikoni, "Wangu akiniona tu Ijumaa ananiuliza lori litakuja lini. Haniulizi mimi nitakuja lini." Wakacheka. Tulicheka sana mle jikoni, chini chini, mikono mdomoni.

Somo lenyewe ninalotaka kulisema lilianza baada ya jambo la dukani. Mmoja wa akina mama wetu alimpeleka mtoto kununua nyanya, mtoto akaachwa nyuma hatua chache, akaogopa, akaita, "Mama! Mama!" Watu wakageuka. Mwenye duka akauliza kwa nini mtoto mdogo hivi anamwita msichana wa kazi mama, mtu mwingine akauliza karatasi, na mpaka jioni wote wawili walikuwa wameshachukuliwa. Hatukuwaona tena. Habari ilitufikia tukiwa tunachambua mchele. Truphena aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Kuanzia kesho hakuna mtoto wa hapa ana mama Saudia."

Hakuwa akitania. Kila mama akawa anti, na mama wa kila mmoja akawa Kenya. Kadzo akauliza, kwa nini isiwe nje tu, humu ndani atuite anavyotaka? Truphena akamjibu, "Kadzo, mtoto wa miaka minne anajua ndani inaishia wapi? Ukimwachia kidogo atasahau siku ile mbaya. Ama ni siku zote ama tuache." Nilimuunga mkono. Kuna watu, hata katika familia yangu, wakisikia kisa hiki hunitazama wakingoja niseme ninajuta. Watangoja sana. Tulikuwa tumeona mtoto na mama wakimezwa na mji kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu kulifunga. Hao wanaonitazama wangefanya nini, wangeandika barua?

Truphena, kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari, aliligeuza kuwa mchezo, na mchezo wenyewe tuliuita Mgeni. Alikuwa akitoka nje amevaa abaya na nikabu, anabisha, anaingia kwa mwendo wa mtu mwingine na sauti nzito. Anamwinamia mtoto mmoja mmoja. Mama yako yuko wapi? Mama yuko Kenya. Na huyu? Huyu ni anti. Wakishazoea hayo, akaongeza ugumu. Anatoa biskuti, anasema, kwani si mama yako huyu? Sema ukweli nikupe. Anabembeleza. Anajifanya kulia, anapiga magoti. Mwishowe anafunua uso, anatabasamu, anasema, "Haya, halas, mchezo umeisha, sasa niambie mama ni nani," na watoto waliojilegeza wakajibu, wakacheka, na kumbe mchezo haujaisha, ndio hapo wanaposhindwa. Asiyenaswa ndiye alipewa biskuti na kupigiwa makofi ya vidole. Ijumaa akina mama nao waliingizwa wacheze. Tunu hakuwahi kushindwa. Kadzo alikuwa akimchuchumalia na kumuuliza, mimi ni nani, naye anajibu, "Anti Kadzo," kidevu juu, kisha ananyoosha mkono apewe biskuti yake. Kadzo alikuwa akimpongeza kwa vidole viwili, halafu anakwenda jikoni kunywa maji, na glasi moja ya maji ilimchukua muda mrefu.

Na somo hilo lilisaidia. Mwanamume mmoja alimsimamisha mtoto wetu kwenye ngazi, akamuuliza maswali hayohayo, mtoto akayajibu bila kupepesa, akaachwa aende. Sitaki lisahauliwe hilo.

Karibu na mwisho wa mwaka habari ikaenea kwamba kuna ofisi inayowasafirisha wanawake waliokwama pamoja na watoto wao, bila kuwafunga, mradi ithibitike mtoto ni wa huyo mama. Wengi waliogopa ni mtego. Kadzo alikuwa amechoka. Mwajiri wake alikuwa ameanza kumfungia, Ijumaa mbili zikapita hajamwona mtoto, na siku alipopata mwanya alitoka na nguo alizovaa, akaja juu kwetu, akasema anajipeleka. Alikuwa na picha kwenye simu, mtoto mchanga kifuani mwake, damu bado haijafutwa. Jioni ile alimkalisha Tunu kwenye mapaja akamwambia, "Kesho utaniita mama, sawa?" Tunu akacheka, akatikisa kichwa. Kadzo akarudia. Truphena akasema kutoka jikoni, "Mwache, utamvuruga. Hata kipofu ataona mmefanana. Nani atamuuliza mtoto?" Nikaona ni kweli. Tulikula wali wa nazi ya kopo, Kadzo akamlisha mwenyewe, tonge kwa tonge, ingawa Tunu alikuwa amezoea kujilisha.

Truphena hakuweza kwenda nao, hakuwa na ikama. Nilikwenda mimi, Bibi akanipa ruhusa na nauli ya teksi bila kuuliza. Ofisi ilikuwa baridi kupita kiasi. Afisa alikuwa mwanamke mwenye nikabu, macho mapole, na pembeni yake alikaa mkalimani, mzee mwenye asili ya Unguja, Kiswahili chake laini kama cha mtu anayesoma dua. Walitazama picha ya simu, afisa akatikisa kichwa kuonyesha haitoshi, picha kila mtu anazo. Kisha mzee akamwinamia Tunu. "Mwanangu, hebu nambie, bibi huyu ni nani kwako?"

"Anti," Tunu akasema.

"Anti wa vipi, mwanangu? Si mama yako huyu?"

"Anti Kadzo. Mama yuko Kenya."

Kadzo alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akapiga magoti, akamshika mabega. "Tunu, leo si mchezo. Niite mama. Niite mara moja tu, mama." Na mimi nikaona jinsi uso wa mtoto unavyobadilika, kipaji kinakunjuka, macho yanang'aa, kwa sababu alikuwa ametambua. Mtu amepiga magoti, mtu analia, ni Mgeni. Akafunga mdomo akaubana. Afisa, kwa wema wake, akavuta droo akatoa biskuti, akamwambia mzee amwambie, aseme ukweli, asiogope, atapewa. Tunu akanigeukia mimi, anatabasamu, kama kunionyesha kwamba hawa wageni ni wajinga sana. Nikasema, "Tunu, halas. Mchezo umeisha. Sema mama."

"Mwalimu husema hivyo hivyo," akanijibu.

Niliwaeleza. Nilieleza somo zima, kwa Kiarabu changu cha jikoni na kwa Kiswahili, yule mzee akatafsiri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo wa watu waliozoea kuwafunza watoto uongo. Afisa hakutufokea. Alisema kwa upole kwamba mwanamke atasafiri, na mtoto atabaki nyumba ya watoto hadi damu yake ipimwe na kulinganishwa na ya huyo mwanamke, na kwamba huo ni ulinzi wa mtoto, kwa sababu watoto huibwa. Kadzo alipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Faili ilipofungwa Tunu alinyoosha mkono wake, akangoja. Yule afisa akampa biskuti. Akaila yote, polepole, akimtazama mama yake akiondolewa, na hakulia, akijua atapigiwa makofi.

Kupimwa kulikuja, lakini majibu na karatasi vilikawia zaidi ya mwaka. Mkataba wangu uliisha nikarudi nyumbani, Truphena akahamisha watoto wake mtaa mwingine, tukawa watu wa simu. Nilisikia kwamba Tunu amefika Nairobi akizungumza Kiarabu kitupu, na kwamba pale uwanja wa ndege alimpa mama yake mkono, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni wa baba. Nikajiambia muhimu amefika.

Kadzo alikuja mazishini kutoka Kilifi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya marehemu, kwenye jiko la nje, ameketi na akina mama wa kule akimenya viazi, amenenepa, nywele zimeanza mvi mbele. Tulikumbatiana tukalia kidogo kwa ajili ya Truphena, maana tulimpenda wote wawili, na hilo nalo ni kweli. Nikashika kisu nikaketi karibu naye. Nilitaka kuuliza na niliogopa kuuliza, kisha nikauliza kama Tunu hajambo. Akasema hajambo, yuko sekondari, anafanya vizuri, walimu wanamsifu kwa nidhamu. Akachukua kiazi kingine.

"Ananiita mama, usidhani. Aliambiwa na akashika," akasema. "Lakini hajawahi kunibishia, Rispa. Wa dada yangu wanarusha viatu, wanabamiza milango, wanamwambia mama yao hawampendi. Wangu hajawahi hata siku moja. Juzi nikijiandaa kuja huku nikatoka bafuni, nikamkuta amesimama mbele ya friji. Ana njaa, mtoto wa watu. Alikuwa ananingoja nitoke aniombe ruhusa afungue. Friji ya kwao."

Nilikuwa na maneno yangu yale ya siku zote, ya dukani, ya yule mwanamume wa ngazini, na yote yalikuwa kweli, lakini sikuweza kumwambia Kadzo hata moja. Nikamwambia huo ni utoto tu, akikua ataacha.

"Ameshakua," Kadzo akasema, akaniomba nimsogezee sufuria.